Shahidi wa Penzi Lisilo Lake

Ndoa ya kwetu haisimami bila ya mashahidi. Bwana harusi yupo, walii yupo, mahari imetajwa, sheikh amekwisha soma hotuba. Walakini maadam hawajaketi watu wawili wakasikia kwa masikio yao huyu akisema nimekuoza na yule akisema nimekubali, ndoa haijawa ndoa. Watu hao wawili hawapati kitu katika penzi lile. Hawakai nalo nyumba moja, na pengine wakishatoka mlangoni husahau hata joho la bwana harusi lilikuwa la rangi gani. Kazi yao ni kuwapo, kuona, na siku itakapohitajika, kusema kwamba tuliona. Jambo hili nimelizingatia sana tangu niliporudi Singida, ambako nilitumwa kumnasihi mtu kwa sababu ya mapenzi ya wawili wasiokuwako duniani.

Aliyenituma ni dada yangu, mkaazi wa Unguja. Binti yake ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mkoani Singida. Ana miaka 36, hajaolewa, na amekwisha warudisha wachumba wawili. Mama mtu ameshika neno moja, kwamba mtoto ameharibiwa na sinema. "Nenda ukaseme na mpwao," aliniambia. "Anampenda mwanamume mwenye masikio ya popo." Mimi nilicheka; yeye hakucheka.

Kutoka Dodoma barabara hupita Manyoni, kisha hukata kaskazini baina ya mashamba ya alizeti mpaka mji uliokaa kando ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, penye majabali ya itale yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Mtu wa pwani akivuta pumzi pale huinua macho kuitafuta bahari. Bahari haipo, upo upepo usiochoka, na maji ya chumvi yasiyokwenda popote. Mpwa wangu alinipokea stendi kwa shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mama yake. Nyumbani kwake nilikuta picha mbili ukutani: ya marehemu babu yake, na ya mwanamke mweusi aliyevaa nguo nyekundu, ubavuni mwake mwanamume aliyekunja uso. Masikio ya mwanamume huyo yalikuwa yamechongoka kweli.

Msomaji asiyemjua mwanamke huyo anastahiki kuambiwa, kwani jina lake ni mali yetu. Tamthilia ya Star Trek, ya watu wasafirio baina ya nyota katika karne ya 23, ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Septemba 1966. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, na mwigizaji Nichelle Nichols walilitoa jina la Uhura katika neno letu uhuru, ambalo Nichols alilikuta katika riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 yenye jina hilo. Wakabadili irabu ya mwisho tu. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikuwa likitajwa vitabuni, lakini halikutamkwa katika filamu mpaka mwaka 2009. Basi afisa wa mawasiliano wa chombo kile anaitwa kwa Kiswahili mara mbili. Mwenziwe pichani ni Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni mtu wa Vulcan, sayari ambayo watu wake hulelewa kuzitawala hisia kwa akili. Katika tamthilia ya zamani, Spock akiwa Leonard Nimoy, wawili hao hawakuwa wapenzi. Palikuwa na ishara tu, yeye akipiga kinanda na Uhura akiimba. Filamu ya 2009 ndiyo iliyowafanya wapenzi. Nahodha Kirk anahangaika filamu nzima kulijua jina la kwanza la Uhura, kumbe Spock analijua zamani. Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo alipoiona filamu hiyo, na tangu siku ile ameyachunga mapenzi yale kama mtu achungavyo amana.

Nilianza kama nilivyoagizwa. Nilimwambia kwamba kitu kisichokuwako hakipendwi. Kinachopendwa hapo ni kivuli chake mtu mwenyewe. Alinijibu kwa adabu: "Mjomba, mama amekueleza alivyolia kwa ajili ya Bobby?"

Nilinyamaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka. Bobby ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1973, ya Rishi Kapoor na Dimple Kapadia: kijana wa kitajiri na binti wa mvuvi, wazazi wakagomba, mwisho wapenzi wakajitupa mtoni wakaokolewa. Dada yangu aliitazama mara nne. Kila mara waliokolewa, na kila mara alilia kana kwamba safari hii hawataokolewa. Hapana aliyemwambia kuwa ameharibika. Sisi hatuna haki ya kujifanya wageni katika jambo hili. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, tukaisoma shuleni na kumwonea uchungu Karama mbele ya baraza. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimrusha Dzombo katika chombo mpaka nchi ya mbali, nasi tukapanda naye. Msikilizaji wa taarabu huinuka kitini na noti mkononi kwa sababu ya penzi la mtu asiyemjua, ambaye huenda mtunzi amembuni jana. Uchungu wetu haukungoja cheti cha kuzaliwa cha yule tuliyemwonea uchungu. Hoja yangu ya kwanza ikaanguka.

Nikaleta ya pili, ambayo naamini ni nzito zaidi. Hata kama si haramu kuupenda mfano, mfano una hatari yake: hautuudhi, haukoromi, hauugui, hauna ndugu wa kulishwa. Mwenye kuuzoea huja akawaona watu wa nyama na damu kuwa pungufu. Je, si hivyo ndivyo wachumba wawili walivyorudishwa?

Hapo mpwa wangu alinisimulia kisa cha kwanza kabisa cha tamthilia ile kuonyeshwa, cha tarehe 8 Septemba 1966. Katika kisa hicho kimo kiumbe cha mwisho wa jinsi yake, kiishicho kwa chumvi. Huwaua watu kwa kuwanyonya chumvi ya miilini mwao. Kila mtu hukiona kwa umbo alitamanilo, kwa kuwa umbo hilo hulichota katika fikira za yule yule anayetazama. Kilipokutana na Uhura ukumbini mwa chombo, kilikuwa kijana mweusi mtanashati. Kikamwambia kuwa anaonekana mpweke, kisha kikasema naye Kiswahili. Mwanamke yuko mbali na kwao kuliko alivyopata kuwa mbali mtu yeyote wa kwao, na mbele yake amesimama mtu anayemjia kwa lugha ya mama yake. Aliganda pale pale. Lau asingeitwa kazini wakati ule ule, angekufa.

"Mchumba wa pili alikuwa hivyo, mjomba," alisema. "Alijua kila nilichotamani kusikia. Hata lafudhi ya Unguja aliiiga. Nilikwenda benki nikamkopea fedha. Aliondoka, mkopo bado naulipa." Wa kwanza alimrudisha kwa sababu alimtaka aache kazi. Wa pili hakumrudisha. Aliondoka mwenyewe na chumvi yake. Mambo haya mama yake hakuambiwa, kwa kuona haya. Mtoto alipendelea kudhaniwa mwendawazimu wa sinema kuliko kujulikana kuwa alitapeliwa.

Katika kisa kile kile, kabla ya kiumbe kumjia, Uhura humchokoza Spock kazini. Humtaka amsifu uzuri, amweleze jinsi kwao Vulcan kunavyopendeza jioni mwezi ukiwa mpevu. Spock hujibu kwamba Vulcan haina mwezi. Sisi watu wa mashairi tumemfananisha mpenzi na mwezi hata mwezi umechoka; tufanyeje na mwanamume ambaye kwao hamna mwezi? Jibu lake si tamu, ila ni la kweli, na halikuchotwa katika fikira za mwulizaji. Hapo ndipo nilipoiona tofauti ambayo sikuwa nimeiona. Kiumbe cha chumvi ni mfano uliotoka ndani yetu, ukaja kutula. Spock ni mtu mwingine hasa, asiyefanana na tamaa ya ampendaye. Kumpenda kunamtaka Nyota ajifunze lugha ya ukimya wake. Katika filamu ya 2009, sayari ya Spock imeangamizwa na mama yake amekufa, na Nyota anamfuata faraghani, anambusu, anamwuliza anahitaji nini. Anachohitaji Spock ni watu waendelee kuitimiza kazi yao vyema. Naye Nyota anarudi kazini. Mpwa wangu huliona tendo hilo kuwa tendo kubwa la mapenzi kuliko busu lililotangulia, na mimi simpingi.

Basi kipimo kiko hapa, na hakihusu sinema peke yake. Mfano unaoupenda, je, umetoka kwako ukakurudia na sifa zako, au umetoka kwingine na kukudai ubadilike? Kwa kipimo hicho mchumba wa nyama na damu aliyejaa benki pamoja na mpwa wangu alikuwa ndoto tupu, na yule wa pichani alikuwa mwalimu.

Lakini shabiki naye ana mtihani wake, na huu sikumwachia. Mwaka 2016, katika filamu ya tatu, wawili hao tunawakuta wametengana. Spock anaona ana wajibu kwa watu wake waliobaki wachache. Na katika mfululizo uliotoka mwaka 2022, unaosimulia ujana wao kwa njia nyingine, Nyota ni mwanafunzi aliyetoka Kenya, na moyo wa Spock uko kwa wanawake wengine. Nilimwuliza alihisi nini. Alikiri kwamba aliwachukia watunzi usiku mzima, kana kwamba wamevunja ahadi waliyompa yeye.

Tamthilia hiyo hiyo ina jibu, na jibu ni chungu. Tarehe 22 Novemba 1968 lilionyeshwa busu la Uhura na Kirk, ambalo hutajwa mpaka leo katika historia ya runinga ya Marekani, kwa kuwa mweupe alimbusu mweusi. Watu husahau sababu ya busu hilo katika kisa chenyewe. Wawili wale walilazimishwa. Walikuwa mikononi mwa watawala waliojiita wafuasi wa Plato, wenye nguvu ya kuiendesha miili ya wengine kwa fikira, nao waliketi wakitazama, wakiburudika. Kila shabiki mwenye hasira na mtunzi na ajiulize kama hajaketi kiti kimoja na watawala wale. Anayesema nawapenda, kwa hiyo lazima wabusiane, amekwisha toka katika ushahidi na kuingia katika umiliki. Hata mtunzi, nadhani, hana ruhusa ya kila kitu. Akiwatenganisha wapenzi kwa sababu ya kweli iliyomo ndani yao, ni haki yake, na akiwatenganisha ili tu auze sehemu inayofuata, amewageuza vinyago. Ila shahidi hana kalamu. Ana macho, na ana ulimi wa kusema alichokiona.

Mpwa wangu alinionyesha ajuavyo kuutumia ulimi huo. Katika filamu ile ya 2016 Nyota anamrudishia Spock mkufu aliompa. Spock anakataa, kwani si desturi ya watu wake kupokea tena zawadi waliyokwisha toa. Baadaye Nyota anatekwa, na jiwe la mkufu, ambalo hutoa mnururisho kidogo, ndilo linalowaonyesha alipo. Mwalimu huyu hulitumia jiwe lile kidato cha nne anapofundisha mnururisho. Wanafunzi wake, watoto wa Singida ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, hucheka kusikia mwanamume amempa mchumba wake jiwe la hatari, halafu hawasahau somo.

Jioni ya mwisho tulikwenda ukingoni mwa Singidani. Heroe walikuwa wamesimama majini, na mwezi umeanza kupanda nyuma ya majabali. Nilimwambia neno moja ambalo sikutumwa, na ambalo bado naliamini. Ushahidi ni kazi ya heshima, lakini hapana sheria imkatazayo shahidi kuwa na harusi yake. Amezoea kuutazama uaminifu wa wawili walio mbali. Asije akautumia umbali huo kujikinga na walio karibu, eti kwa sababu mmoja wao alimnyonya chumvi. Hakunijibu upesi. Alichukua kijiti akakichovya majini, akakilamba, kisha akasema, "Mjomba, chumvi hurudi. Inataka muda."

Nilipofika Unguja dada yangu aliniuliza kama nimemponya mtoto. Habari ya mkopo sikuisema, kwa kuwa haikuwa yangu kuisema. Nilimwambia binti yake hana ugonjwa, na mwenye masikio ya popo ni mtu mwenye adabu zake. Kisha nikamwuliza kama anakumbuka yule binti wa mvuvi na yule kijana walipojitupa mtoni. Alikaa kitambo, akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaniuliza wale watoto wako wapi sasa.