Anunuaye Mali ya Wizi

Amri ya saba haimhukumu mwizi peke yake. Kanisa hufundisha tangu zamani kwamba mtu anunuaye mali huku akijua kuwa imeibwa, yeye naye ameshiriki dhambi ile, na yampasa kuirudisha. Wako wanaodhani kwamba mafundisho hayo yahusu ng'ombe na mahindi ya ghalani tu. Sivyo.

Mwezi wa Machi, 2018, lilifunguliwa katika intaneti soko lililoitwa Genesis Market. Bidhaa zake hazikuwa nguo wala nafaka, bali maneno ya siri ya watu, yaliyoibwa katika kompyuta zao bila wao kujua. Maneno hayo ndiyo funguo za benki zao na barua zao. Mwezi wa Aprili, 2023, polisi wa nchi 17 walishirikiana kulivunja, na watu 119 wakakamatwa. Ilionekana kwamba soko hilo lilikwisha kutoa funguo zaidi ya milioni 80, kutoka kompyuta zaidi ya milioni moja na nusu. Na bei? Funguo za mtu mmoja ziliweza kupatikana hata kwa senti 70 za Marekani.

Tazameni, ndugu wapenzi, jinsi dhambi ilivyogawanywa. Aliyejua kuvunja aliuza, aliyejua kughushi alinunua, na mwenye soko akapata faida. Kila mmoja aliweza kusema moyoni kwamba ametenda kidogo tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kama wanunuzi wangalikosekana, nani angalijisumbua kuiba funguo milioni 80?

Hatari hii i karibu nasi. Kijana huombwa aazimishe laini yake ya simu au akaunti yake ya benki, zipite fedha asizozijua asili yake, naye apewe ujira. Hujisemea kwamba yeye hakuiba. Je, akiba ile si ya mjane? Si karo ya mtoto wa mwenzake? Ujira ule ni fungu la mali ya wizi. Haitoshi kuuungama, sharti urudishwe kwa mwenyewe.

Basi enyi wazazi, fedha ikiingia nyumbani bila jasho, ulizeni ilikotoka. Nawe uliyekwisha kuipokea, usikate tamaa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na Bwana hakuona haya kukaa nyumbani mwake.