Katekista, Gladiola na Marehemu Mke Wangu

Kila Pasaka hapa Illasit katekista wetu huinua punje ya hindi mbele ya waumini na kutukumbusha hoja ya Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15: kinachozikwa ni mbegu, kitakachofufuka ni mwili mwingine wenye utukufu. Sina ugomvi na Paulo. Lakini mimi ndiye ninayepanda gladiola za madhabahuni, na gladiola ina njia mbili za kurudi.

Ua likinyauka ukaliacha bua, litafunga mbegu. Panda mbegu hizo, ngoja miaka miwili mitatu, na utaona watoto wasiofanana na mama yao. Ni machotara hawa: Gladiolus dalenii wa vichaka vyetu vya Afrika yumo katika ukoo wao, tangu zile zilizoanza kuuzwa na Louis Van Houtte kule Ghent, Ubelgiji, mwaka 1841. Mbegu huibua rangi yoyote ya mababu. Mimi nataka nyekundu ileile aliyopanda marehemu mke wangu, kwa hiyo nakata bua, naacha majani yote na kuendelea kumwagilia. Wapita njia hunicheka, eti nanywesha majani matupu. Lakini kwa wiki sita hadi nane majani hayo ndiyo yanayolisha kiazi kipya. Yakigeuka manjano nachimbua na kuanika kivulini penye upepo, vile tunavyofanya na vitunguu.

Ukikung'uta udongo, kiazi ulichopanda hukioni. Kipya, kinene, kimekaa mahali pake, na chini yake kimegandama kisahani cha kahawia kilichosinyaa. Kisukume kwa kidole gumba: kinabanduka kikavu, bila kidonda. Hicho ndicho kiazi cha mwaka jana. Nakitupa jalalani, na msimu ujao ua ni lilelile.

Rafiki yangu Mwislamu, muuza maharage sokoni, anasema Mtume Muhammad alifundisha kwamba mwili wote wa binadamu huoza isipokuwa kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, na kutoka hapo mtu ataumbwa upya. Nalipenda jibu hilo kwa kuwa halikwepi swali. Kama hakuna chochote kilichobaki, tutajuaje kwamba aliyefufuka si mgeni aliyepewa jina la marehemu?

Gladiola inaniambia kwamba huenda hata kifupa si lazima. Ila ninapomweleza, rafiki yangu hunibana: cha zamani na kipya vilikaa pamoja ardhini, kimoja kikipungua kingine kikinenepa. Nani anakaa na mkeo sasa? Amesema kweli. Kati ya kaburi na ufufuo hakuna majani. Nikisema Mungu anamkumbuka yeye mzima, hiyo ni imani tupu, bustani haijanifundisha.

Hata hivyo najua ninachokitumaini. Mke wangu alikuwa mkali, hasa kwa watu wanaochelewa. Simtaki wa mbegu, mpole, mwenye rangi mpya. Nilimwambia hivyo katekista, naye akanijibu kwa upole kwamba mbinguni hakuna hasira. Nikamuuliza, sasa huyo atakayekuja kunipokea ni nani? Alisema ataniletea jibu Jumapili. Jumapili nyingi zimepita.