Kisirani si cha Mwanamke

Ndugu zangu, nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo limenijia barazani mara nyingi kuliko nilivyotaraji.

Alikuja kwangu mtu mmoja wa mji wetu wa Malindi, ameandamana na mamake, akitaka nimwandikie mkewe talaka. Bibi huyo amemzalia watoto watatu. Wawili wamekufa kabla ya kutimu miaka mitano, na wa tatu hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, vidole vikafura na macho yakawa ya manjano. Mama mtu akasema, "Sheikh, huyu ni mwanamke kisirani. Kwetu sisi hakuna maradhi haya." Kabla ya kuja kwangu walikuwa wamekwisha kupunga pepo, na mtoto alikuwa na hirizi mbili shingoni.

Maradhi hayo jina lake ni selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za duara, hupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yatokapo. Hayaambukizi, wala hayatokani na jini wala na jicho. Ni ya urithi. Kila mtu hupokea kwa wazazi wake jeni, yaani alama za urithi, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu pande zote mbili ndiye augonjwaye. Aliyerithi upande mmoja tu huishi na afya yake, wala hajui kuwa anayo. Basi yule mama aliyesema kwao hakuna, damu hiyo ilimfikia mwanawe ama kutoka kwake yeye ama kutoka kwa mumewe. Lau mwanawe hakuwa nayo, wajukuu wake wasingeugua hivyo.

Lakini yafaa kuuliza: kitu kiuacho watoto kimesalia vipi katika damu za watu kwa maelfu ya miaka? Afaye mdogo haachi kizazi, kwa hiyo akili yatuambia kingekwisha zamani.

Tabibu mmoja, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa hapa Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona kuwa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye jeni moja ya selimundu walizidi, mahali pengine, watu 20 katika kila 100, na katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 akaeleza sababu, nayo ni malaria. Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, na katika damu ya mwenye jeni moja hakistawi vyema. Watafiti wa Kilifi, ambao kituo chao kilianza mwaka 1989, wamewafuata watoto wa vijiji vyetu miaka mingi, wakathibitisha kuwa mwenye jeni moja amekingwa na malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90 hivi.

Basi tazameni. Zamani, kabla ya dawa na vyandarua, mtoto asiye na jeni hiyo malaria ilimuua kwa urahisi. Mwenye mbili aliuawa na selimundu. Mwenye moja alisalimika na yote mawili, akakua, akaoa, akawarithisha wanawe. Kizazi baada ya kizazi damu ya watu wa pwani ikabadilika, na hali hakuna mtu hata mmoja aliyebadilika mwilini mwake. Hayo ndiyo wataalamu wayaitayo uteuzi wa maumbile, aliyoyaeneza Mwingereza Darwin kwa kitabu chake cha mwaka 1859.

Najua wako watakaokunja uso kwa kusikia jina hilo. Sisemi hapa juu ya kuumbwa kwa baba yetu Adam. Imani yetu katika hilo iko pale pale. Nasema juu ya jambo lililo katika mishipa yetu sisi, na lililopimwa hapo Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Malindi. Mwenyezi Mungu ameweka desturi katika viumbe vyake kama alivyoweka maji kupwa na kujaa. Nani asemaye kuwa kujua saa za maji kujaa ni kumkana Muumba wa bahari? Wavuvi wetu wangekufa njaa.

Na kijidudu chenyewe hubadilika vivyo hivyo. Wazee wenzangu mwaikumbuka kloroquini. Vilivyokufa kwa dawa hiyo vilikufa, vichache vilivyostahimili vikazaana, mpaka mwaka 1998 Serikali ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria.

Wengine wa mjini husema selimundu ni maradhi ya watu wa mashamba, au ya uzao wa watumwa. Hayo ni maneno ya ujinga na kiburi, na mimi nimeyasikia hata kwa watu wenye vilemba. Selimundu iko Oman, iko Qatif mashariki ya Saudia, iko Bara Hindi, iko Ugiriki na Sisilia. Malaria haikuuliza nasaba ya mtu.

Yatupasa basi vijana wetu wapimwe damu kabla ya kuposa. Saudia imelazimisha upimaji huo tangu mwaka 2004, wala hakuna aliyesema wamezua dini mpya. Na sisi tuozeshanao watoto wa ami tuna haja zaidi, kwa kuwa babu akiwa na jeni hiyo huweza kuwafikia wajukuu wa pande zote mbili. Ndoa hiyo ni halali. Lakini halali si lazima. Wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Wala si kusema kuwa akiugua wa kwanza watatu wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Asitokee wa kuniambia kuwa kupima ni kukimbia kadari. Sayyidna Umar alipopata habari njiani kuwa tauni imeingia Sham, alirejea na watu wake. Abu Ubayda alipomlaumu, alimfahamisha kuwa na huko kurejea pia ni katika kadari.

Wenye watoto wagonjwa wasikate tamaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, uliona kuwa dawa iitwayo haidroksiyurea hupunguza maumivu, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Wala asidhani mtu kuwa mwenye jeni mbili amekingika maradufu. Malaria kwake ni hatari kubwa. Alazwe ndani ya chandarua kila usiku.

Yule mtu nilimkatalia karatasi mpaka wapimwe wote wawili. Walipimwa, ikaonekana mume anayo kama mkewe. Akaniuliza, sheria yamlazimisha kuachana naye? Nikamjibu kuwa haimlazimishi, na kumwacha mke kwa aibu ambayo nusu yake ni yako ni dhuluma. Bado wamo katika ndoa yao. Mama mtu hajaja tena barazani kwangu, lakini naambiwa kuwa yeye ndiye ampelekaye mjukuu wake kliniki.