Jicho Lipimwe, au Kazi?

Liko swali ambalo huonekana jepesi mpaka limfikie mtu wa nyumbani mwetu: Je, ni haki mwenye kuajiri kumkataa mtu kwa ajili ya macho yake? Mmoja atajibu upesi kwamba ni dhuluma. Mwingine atasema, mali ni yake, na amchague amtakaye. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamefanya haraka. Hakuna apendaye kupanda gari ambalo dereva wake haioni njia vema. Lakini kuna kukataa kwingine kusiko na sababu kama hiyo, nako hujifunika vazi la busara.

Twatoa mfano wa Marekani, maana shauri hili lilifika huko mpaka mwisho wa mahakama. Mwaka 1992 wanawake wawili, ndugu pacha, waliomba kazi ya urubani katika kampuni ya United Air Lines. Hawakuwa wanafunzi, walikwisha kuwa marubani wa ndege za safari fupi, na hati za serikali walikuwa nazo. Ila macho yao hayakuona mbali. Bila miwani, kitu alichoweza kukitambua mtu mwenye macho mazima kwa umbali wa futi 200, wao walihitaji kukisogelea hata futi 20, na jicho la kushoto lilikuwa dhaifu kupita la kuume. Wakivaa miwani, waliona sawasawa na mtu ye yote. Kampuni ikahesabu macho yao bila miwani, ikawarudisha.

Wakaenda mahakamani kwa kuitegemea sheria ya mwaka 1990, iliyokataza kumbagua mwenye ulemavu katika kazi. Mwezi wa Juni 1999 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaamua, waamuzi 7 kwa 2, ya kuwa wanawake hao, kwa kuwa huona vema wakivaa miwani, si walemavu, wala sheria ile haiwalindi.

Na tuitazame hukumu hii polepole. Mlangoni pa kampuni walihesabiwa wasioona vya kutosha, maana miwani iliwekwa kando. Mlangoni pa mahakama walihesabiwa wazima, maana miwani ilirudishwa usoni. Miwani ni ile ile, na macho ni yale yale. Hatusemi ya kuwa waamuzi walikuwa waovu. Waliyafuata maneno ya sheria kama walivyoyasoma, na wenzao wawili wakayasoma vingine. Lakini mtu aliyekataliwa mahali pawili kwa sababu mbili zipinganazo, aende wapi?

Kampuni ilitaja usalama wa abiria. Neno hili tusilidharau, kwani miwani huweza kuanguka saa ya hatari. Lakini yatupasa kumwuliza mwenye hadhari: Hatari hii umeipima, au umeiogopa tu? Aliyeipima ana vipimo vya kuonyesha. Aliyeogopa tu humtwika mwenzake gharama ya hofu yake, naye hulala usingizi akijiona mwenye hekima. (Ni mabwana wangapi wavaao miwani wanapotia sahihi barua ya kumkataa mtu!)

Mwaka 2008 Bunge la Marekani likaitengeneza sheria. Likasema, ulemavu utazamwe pasipo kuhesabu dawa wala vifaa vya kumsaidia mtu. Miwani ya kawaida iliachwa nje ya neno hilo. Ila likaongeza ya kwamba mwajiri asimkatae mtu kwa kipimo cha macho yasiyo na miwani, isipokuwa aonyeshe kwamba kipimo hicho ni cha lazima kwa kazi yenyewe. Kwa maoni yetu hapo ndipo haki ilipo. Lisianze kuulizwa jicho, ianze kuulizwa kazi.

Hapa Tanzania njia hiyo tunayo, ingawa wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mfanyakazi, hata mwombaji wa kazi, kwa sababu ya ulemavu, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Yakubali kumtenga mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe yalidai. Na mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Tena sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu asilimia 3.

Aliyeachishwa kazi hupeleka shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30; mashauri mengine hupewa siku 60. Kwa hiyo mtu asiyeweza kujisomea barua aliyopewa na asingoje mwisho wa juma, bali amwombe jirani aliye mwaminifu amsomee siku ile ile, naye aanze na tarehe.