Aliyeagiza Hiki Akaletewa Kile

Somo: Yoshua bin Sira 3:12-14



Wapendwa, tafakari ya juma hili inatupeleka mezani, na meza yenyewe iko Japani.

Shiro Oguni alikuwa mtayarishaji wa vipindi wa NHK, shirika la utangazaji la nchi hiyo. Kazi ilimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Msimamizi wa nyumba hiyo, Yukio Wada, alikuwa na msimamo usio wa kawaida: mzee aendelee kwenda dukani, kupika, kufua na kufagia kadiri anavyoweza, hata kama hakumbuki jana alikula nini. Siku moja chakula kilichopangwa kilikuwa nyama ya kusaga iliyokandwa na kukaangwa. Mezani ikaja gyoza, vijisambusa laini vyenye nyama ndani. Oguni akataka kuuliza, kisha akatazama pembeni. Wazee walikuwa wanakula kwa furaha. Katika meza nzima, aliyeona kosa alikuwa yeye peke yake.

Alilibeba jambo hilo moyoni, na Juni 2017 yeye na wenzake walifungua Tokyo, kwa siku mbili za majaribio, mgahawa ambao jina lake lilitangaza wazi kwamba humo oda hukosewa. Waliovaa aproni na kupokea oda walikuwa wazee wenye dimensia. Septemba mwaka huo mgahawa ulifunguliwa tena kwa siku chache, karibu na Siku ya Alzheimer (aina mojawapo ya dimensia) Duniani, inayoadhimishwa tarehe 21.

Yaliyowapata wateja humo yamesimuliwa sana. Mmoja aliletewa kahawa ya moto yenye mrija. Bibi mmoja aliwaongoza wageni hadi mezani, kisha naye akavuta kiti, akaketi nao na kuanza mazungumzo. Mwanamke aliyewahi kufundisha piano alipiga wimbo huku mume wake akimsindikiza kwa selo. Alipopotea katikati ya wimbo alirudi mwanzo, na watu walimpigia makofi. Waandaaji walipohesabu waliona kwamba asilimia 37 ya oda zilikosewa. Walipowauliza wateja, asilimia 99 walisema wamefurahi.

Tusiseme haraka kwamba Wajapani wana subira ya kuzaliwa nayo. Huko mteja amezoea kutunzwa kwa makini. Akiingia tu mlangoni wahudumu wanampazia sauti za kumkaribisha, anapewa kitambaa chenye maji afute mikono, chakula kinafika kama alivyokiagiza, na bahashishi haitarajiwi. Anayezoea kuhudumiwa hivyo aweza pia kuharibika. Wako wateja wanaowafokea wahudumu na kudai wapigiwe magoti kwa kosa dogo. Tatizo lilikua hata baraza la Tokyo likapitisha, Oktoba 2024, sheria ya kuwakinga wafanyakazi dhidi ya wateja wanaowanyanyasa, nayo ikaanza kutumika Aprili 2025. Hata sisi tunasema mteja ni mfalme, na tunajua jinsi baadhi ya wafalme hao wanavyomsemesha binti anayewaletea chai.

Kwa hiyo katika jiji lile lile mtu mmoja anafoka kwa sababu ya supu iliyopoa, na mwingine anacheka akiletewa chakula ambacho hakukiagiza. Kilichowatofautisha ni walivyokaa moyoni kabla ya kuketi kitini. Wale wa mgahawa wa wazee walisoma jina mlangoni. Waliingia wakiwa wameshaamua kwamba anayewahudumia ana thamani kuliko oda yao. Kosa lilipofika, msamaha ulikuwa umetangulia.

Hapa ndipo lilipo neno letu. Tumezoea kuuona uvumilivu kama nguvu ya kuzuia ulimi baada ya kukasirishwa. Wakati huo mara nyingi tunakuwa tumechelewa. Jibu kali limeshatoka. Uvumilivu wa Kikristo huandaliwa mapema, kabla ya kosa, pale mtu anapoamua mbele ya Mungu jinsi atakavyomtazama mwenzake. Mtume Petro anapotufundisha kwamba upendo hufunika dhambi nyingi (1 Petro 4:8), anasema kwanza kwamba upendo huo uwe wa juhudi, yaani uwe tayari umeshika kazi.

Yoshua bin Sira, aliyeandika karibu miaka 180 kabla ya Kristo, aliliona jambo hili nyumbani kabisa. Tunalisikia somo lake katika Sikukuu ya Familia Takatifu. Anamwagiza mwana amsaidie baba yake katika uzee na asimhuzunishe maisha yake yote. Kisha anafika penye ugumu: hata akili za mzee zikipungua, mwana amvumilie, asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu zake zote. Bin Sira hakujua jina la dimensia, lakini alimjua mzee anayeuliza jambo lile lile, na alimjua kijana anayeona aibu mbele ya wageni. Akatambua pia kwamba dharau huzaliwa na nguvu. Mwenye kukumbuka kila kitu humhukumu asiyekumbuka, akisahau kwamba hujafa hujaumbika.

Nyumba zetu hazina kibao mlangoni kinachosema kwamba humu mambo hukosewa. Ndiyo maana bibi akitia chumvi kwenye chai tunamgombeza kama aliyekusudia. Babu akimwita mjukuu kwa jina la marehemu, tunamsahihisha mbele ya watu mpaka ananyamaza. Na liko baya zaidi. Mzee aliyepotewa na fahamu za mahali hutoka usiku, akakutwa amesimama uani kwa jirani, hajui alifikaje. Badala ya kushikwa mkono na kurudishwa kitandani, anaitwa mchawi. Katika nchi zetu wako vikongwe waliopigwa, waliofukuzwa, hata waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mkristo hana ruhusa ya kuishiriki dhambi hii, wala kwa mkono wala kwa mnong'ono. Mzee akianza kupotea hivyo, mpelekeni hospitali. Kuchanganyikiwa kwingine hutokana na maambukizi au upungufu wa vitamini, na hutibika. Hata pasipo na tiba, daktari anaweza kuwaeleza wanafamilia wanachokiona, na anayeelewa haogopi sana.

Wale wa Tokyo walikuwa na masharti mawili yanayofaa kutufundisha. La kwanza, chakula kiwe kizuri kweli, cha kulipiwa fedha bila kuonewa huruma. La pili, makosa yasitengenezwe makusudi ili kuchekesha watu. Mzee asaidiwe afanye vizuri, na akikosea, basi. Huruma yao haikuwageuza wazee kuwa maonyesho. Iliwarudishia kazi. Sisi tunajisifu kwamba hatuwapeleki wazee wetu kwenye nyumba za kutunzia wazee, na ni jambo jema. Ila mara nyingi tunampa mama kitanda, uji na dawa, tukamnyang'anya kisu cha kukatia mboga, ufagio, na zamu yake ya kuongoza rozari. Anakaa barazani mchana kutwa akingoja kufanyiwa. Kumheshimu mzazi ni pamoja na kumwachia cha kufanya, hata mchicha ukikatwa vibaya.

Nawajibika kusema neno pia kwa wanaolea. Mteja wa Tokyo alikula, akalipa, akaenda zake. Wewe binti, mkwe au mjukuu uliyebaki na mzee huondoki. Unaulizwa swali moja tangu alfajiri, unafua mashuka, unalala jicho moja wazi. Usijihukumu kwa sababu asubuhi nyingine hucheki. Hata katika mgahawa ule wazee hawakuachwa peke yao. Walezi wao walikuwa karibu wakisaidia. Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo (Wagalatia 6:2), na mzigo huu mara nyingi umeachiwa mwanamke mmoja wakati ndugu wengine wanatuma salamu kwa simu.

Basi juma hili kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwataje wazee wake wanaosahau. Ipangwe zamu: mmoja akae na mzee Jumamosi ili mlezi apate kwenda sokoni au kulala, mwingine amsindikize kanisani na kumrudisha. Wanaotembelea wasiende kumtahini mzee kwa kumuuliza kama anawakumbuka. Wajitambulishe kwa majina, wakae, wale atakachowapa. Na katika kila familia, kabla ya chakula cha jioni, watu wakubaliane kwa maneno kwamba mzee akikosea hatasahihishwa kwa ukali. Makubaliano hayo yafanyike sasa, wakati hakuna aliyekasirika.

Tusali. Ee Mungu, wewe huwasahau watu wako kamwe, hata wanapokusahau. Wakumbuke wazee wetu ambao akili zao zimechoka. Uwatie nguvu wanaowalea usiku na mchana. Utuondolee kiburi cha wenye nguvu, utupe moyo uliokwisha kuamua kupenda kabla haujakosewa; na zamu yetu ya kusahau ikifika, utupatie watu wa kukaa nasi mezani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.