Nani Auchomoe Upanga?

Waliotunga katiba ya Marekani huko Philadelphia mwaka 1787 walikuwa wakiwajua wafalme na vita vya wafalme. Kwa hivyo upanga waliugawa: mpini wakampa rais, awe amiri jeshi mkuu, na ala wakalikabidhi Bunge. Tarehe 17 Agosti, katika rasimu yao, waliliondoa neno "kufanya" vita wakaweka "kutangaza", ili rais asalie na nafasi ya kuzuia shambulio la ghafla bila ya kungoja mjadala. Neno moja tu. Na ayajuaye maneno hataona ajabu kwamba ugomvi wa zaidi ya karne mbili umepitia katika tundu hilo.

Hoja ya marais si ya kipuuzi. Adui hangoji wabunge wamalize kujibizana, na siri ikishajadiliwa na mamia ya watu haiwi siri tena. Lakini hoja hiyo ni ya mwizi aliyekwisha kuingia ukumbini. Haimfai mwenye kuvuka bahari kwenda kuivunja nyumba ya watu.

Baada ya masaibu ya Vietnam, mwaka 1973, Bunge hilo lilipitisha sheria, likaishinda kura ya turufu ya Rais Nixon: rais atoe taarifa ndani ya saa 48, na asipopata idhini katika siku 60 aanze kuwarejesha askari, akiongezewa 30 za kuwaondoa. Mwaka 2011 mabomu yaliangushwa Libya, siku 60 zikapita, na serikali ya Obama ikadai kwamba hayo hayakuwa "mapigano" kwa maana ya sheria ile. Waliokuwa chini ya mabomu hawakuulizwa wao wanayaitaje.

Hata hivyo, lawama zote zikitwishwa marais, wabunge watakuwa wamesamehewa wasilostahiki kusamehewa. Ala haikunyang'anywa, aghalabu mwenyewe ndiye aliyeiacha mlangoni. Tarehe 7 Agosti 1964, kwa habari za mashambulio mawili katika Ghuba ya Tonkin, ambapo la pili baadaye ilibainika halikutokea, Baraza la Wawakilishi liliridhia kwa kura 416 bila ya hata moja kupinga. Seneti, 88 kwa 2. Wawili hao, Wayne Morse na Ernest Gruening, walipoteza viti vyao mwaka 1968. Tarehe 14 Septemba 2001 Baraza likapiga 420 kwa 1. Huyo mmoja, Barbara Lee wa California, alitukanwa na kutishiwa kuuawa. Idhini yenyewe ilikuwa na maneno 60. Haikutaja nchi wala muda. Mwaka 2016 ilifasiriwa kuwa yawahusu pia Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwapo. Na tarehe 5 Januari 2020, kundi hilo lilipoishambulia kambi ya Manda na kuwaua Wamarekani watatu, vita vilivyoidhinishwa katika moshi wa New York vilikuwa vimekwisha kufika kwenye mikoko ya Lamu.

Kwa nini mbunge apende kunyamaza? Kwa sababu vita vikienda vyema atasimama jukwaani, na vikienda mrama atamnyooshea rais kidole. Lakini amana haiendi hivyo. Mwenye kuwekewa amana akaikabidhi kwa mwengine bila ya ruhusa ya mwenyewe amefanya khiyana, hata kama huyo mwengine ni mwaminifu, seuze asipokuwa.

Wala kura haiitakasi damu. Zile 88 za mwaka 1964 hazikuifanya Vietnam kuwa vita vya haki. Linalopatikana kwa kura ni jina: mtu fulani, siku fulani, alisema ndiyo, na mjane anaweza kumuuliza.

Hapana nayo ina mwenyewe. Tarehe 29 Agosti 2013 Bunge la Uingereza lilikataa kuishambulia Syria kwa kura 285 kwa 272, baada ya watu kuuawa kwa gesi ya sumu karibu na Damascus. Waziri Mkuu Cameron alikubali usiku ule ule. Vita vya Syria viliendelea kuua kwa miaka mingi, na wale 285 majina yao yamo daftarini, sawasawa na ya wale 272.