Kijerumani cha Wangari

Binamu yangu anasoma uhandisi hapa Nyeri. Juzi aliniuliza: mwajiri atajali nikichukua Kifaransa kama somo la hiari? Nikamwambia ukweli: wengi wanaangalia digrii na gredi, basi.

Halafu nikamkumbuka Wangari Maathai wa Ihithe. Alisoma biolojia Kansas, akamaliza 1964, na pembeni akachukua Kijerumani. Cha nini sasa, msichana wa Nyeri? Mwaka 1966 kazi aliyoahidiwa Nairobi alipewa mtu mwingine. Aliyekuja kumwajiri ni Mjerumani, Profesa Hofmann, na 1967 Wangari akaenda kusoma Ujerumani. Sisemi lugha ndiyo iliyompa kazi. Ila kule hakuanzia sufuri.

Ni rahisi mimi kusema chukua unachopenda. Karo inatoka kwenye bonasi ya majani chai ya mamake huko Othaya, na yeye hajaulizwa.